Jeli ya nguruwe na jino lililokauka: uchambuzi wa kisa kimoja cha utafiti

Mwaka 2001 jarida la kimataifa la majeraha ya meno lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa mbwa wa aina ya beagle. Meno yao ya mbele yaling'olewa, yakaachwa yakauke hewani, kisha yakarudishwa kwenye matundu yake. Baadhi yalipakwa kwanza jeli iitwayo Emdogain, mengine yakarudishwa bila kupakwa kitu. Taya zilipokuja kukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini, meno yaliyopakwa yalionekana kupona vizuri zaidi, na mizizi yake haikuwa imeharibika kama ile ya wenzake. Mwaka 2005 jarida hilohilo likatoa taarifa kutoka Copenhagen kuhusu wagonjwa waliotibiwa kwa jeli ileile. Kichwa cha taarifa kilitamka wazi: Emdogain haizuii mzizi kuendelea kuliwa baada ya jino lililong'oka kurudishwa.

Hicho ndicho kisa ninachokichambua hapa. Hakuna aliyedanganya. Ninavyokisoma mimi, mbwa walijibu vizuri kabisa swali waliloulizwa, ila swali hilo halikuwa lile analokuja nalo mzazi aliyemshika mkono mtoto mwenye pengo, huku jino likiwa limefungwa kwenye kitambaa.

Kwanza nieleze kwa nini nachanganya mambo mawili. Jino lililotoka kwa ajali na kurudishwa mahali pake, na jino ambalo daktari analihamisha kwa upasuaji kutoka pembe moja ya kinywa kwenda nyingine, hupona kwa njia moja. Yote mawili yamekatiwa damu, yote yamekaa nje ya mfupa kwa muda fulani, na hatima ya yote mawili inaamuliwa na kitu kilekile kilichobaki juu ya mzizi. Ndiyo maana utafiti wa kupandikiza meno na ule wa kurudishia meno umekwenda pamoja tangu zamani, na mara nyingi umefanywa na watu walewale.

Kinachoshikilia jino

Jino halijachimbiwa kwenye taya kama nguzo kwenye zege. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba, unene wake ni kama robo ya milimita au pungufu, uliojaa nyuzi, mishipa midogo ya damu, neva na seli. Upande mmoja nyuzi hizo zimejikita kwenye simenti, yaani tabaka gumu linalofunika mzizi. Upande wa pili zimejikita kwenye mfupa. Utando huo ndio unaolipa jino mnepo wakati wa kutafuna, na ndio unaotushtua tukiuma changarawe kwenye wali. Una kazi nyingine ambayo haionekani: kuulinda mzizi usiguswe na seli za mfupa. Mfupa wa binadamu hubomolewa na kujengwa upya maisha yake yote. Mzizi wa jino la kudumu hautakiwi kuingizwa kwenye kazi hiyo, na kinachouepusha nayo ni utando huo, maadamu uko hai.

Jino likipigwa na kutoka, utando unachanika. Sehemu inabaki kwenye tundu, sehemu inatoka na mzizi. Jino likirudishwa upesi, pande hizo huungana tena. Likikaa juani au kwenye mfuko wa kaptura mpaka likakauka, seli zilizoko juu ya mzizi zinakufa, na hapo mzizi unabaki hauna mlinzi.

Madaktari hutofautisha namna ambavyo mzizi huliwa. Kuna kuliwa kwa juujuu, vishimo vidogo ambavyo seli hai za jirani huvifukia kwa simenti mpya. Huko hakuna wasiwasi mkubwa. Kuna kuliwa kunakotokana na uchafu na bakteria waliomo ndani ya jino ambalo kiini chake kimekufa. Huku kunakwenda kasi na kunaweza kuumaliza mzizi kwa miezi, lakini kuna dawa: kiini kinaondolewa, mfereji wa mzizi unasafishwa na kujazwa. Kisha kuna aina ya tatu, ambayo ndiyo iliyowakosesha watafiti usingizi. Seli za mfupa zinafika moja kwa moja kwenye mzizi, zinaumega kidogokidogo, na kila zinapomega zinaweka mfupa. Jino linagandana na taya. Halichezi, haliumi, na daktari akiligonga kwa mpini wa kifaa linatoa mlio mkavu wa juu, tofauti na meno ya jirani. Mgonjwa huridhika kwa sababu jino limekaza. Kumbe limekaza kwa sababu linageuzwa mfupa.

Kwa mtu mzima hali hiyo inaweza kuchukua miaka mingi kabla jino halijavunjika, na wengine huona ni mkataba unaovumilika. Kwa mtoto wa miaka 9 au 10 mambo ni tofauti. Taya lake bado linakua, meno ya jirani yanashuka pamoja nalo, na jino lililogandana linabaki lilipokuwa. Baada ya miaka michache linaonekana fupi, kama limezama kwenye fizi, na mfupa wa eneo hilo nao haukui inavyotakiwa. Mwaka 1984 Barbro Malmgren na wenzake wa Sweden walieleza njia ya kukata kichwa cha jino kama hilo na kuacha mzizi ndani uendelee kugeuka mfupa, ili angalau taya lisibonyee. Daktari anapofikia kukata kichwa cha jino aliloliokoa mwenyewe, ujue hakubakiwa na njia nyingine.

Yaliyojulikana kabla ya jeli

Wanyama walianza kutumika katika suala hili kabla hata hadubini haijawa kifaa cha kawaida. Katika karne ya 18 matajiri wa London walikuwa wakinunua meno ya maskini, yanang'olewa hapohapo na kupachikwa kwenye vinywa vyao. John Hunter, daktari mpasuaji maarufu wa zama hizo, aliiamini biashara hiyo na akatafuta uthibitisho. Alichanja undu wa jogoo, akalipachika humo jino la binadamu, na baada ya miezi kadhaa akamchinja jogoo na kuijaza mishipa yake nta ya rangi ili aone kama damu imelifikia jino. Sampuli hiyo ipo mpaka leo katika makumbusho yenye jina lake mjini London. Hunter mwenyewe alikiri kuwa kati ya majaribio mengi aliyofanya, ni nadra mno kufaulu. Lakini jogoo mmoja aliyefaulu ndiye aliyebaki kwenye kumbukumbu za watu, na meno ya maskini yakaendelea kuuzwa.

Maendeleo ya kweli yalikuja mwaka 1961, pale Harald Löe na Jens Waerhaug wa Norway walipong'oa na kurudisha meno ya mbwa na nyani kwa utaratibu. Meno ambayo utando wake ulikuwa hai yalipona na kushikwa na nyuzi kama zamani. Yale ambayo utando uliuawa kwa kukaushwa yaligandana na mfupa. Miaka mitano baadaye, Copenhagen, Jens Ove Andreasen na Erik Hjørting-Hansen walichapisha hesabu ya meno 110 ya binadamu yaliyong'oka kwa ajali na kurudishwa. Katika yale yaliyorudishwa ndani ya dakika 30, asilimia 90 hayakuonyesha dalili ya mzizi kuliwa. Katika yale yaliyokaa nje zaidi ya saa mbili, asilimia 95 yalionyesha. Binadamu na mbwa walikuwa wamesema neno moja.

Andreasen akaendelea na tumbili. Ni jamaa ya hawahawa tunaowafukuza kwenye mashamba ya mahindi, na taya lao linafaa kwa kazi hiyo kwa sababu meno yao ya mbele yana mzizi mmoja ulionyooka kama yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoa mfululizo wa kazi zilizopima kitu kimoja baada ya kingine: jino lilikaa nje dakika ngapi, liliwekwa pakavu au kwenye majimaji, na majimaji gani. Jino lililowekwa kwenye maji ya chumvi ya hospitali au mate lilistahimili muda ambao jino lililoachwa pakavu halikuustahimili hata kidogo. Maji ya bomba hayakusaidia, kwa kuwa hayana chumvi inayolingana na ya mwilini. Seli huyanywa mpaka zikapasuka.

Kwa nini mzizi usio na seli hai unageuzwa mfupa badala ya kuota utando mpya? Jibu la kinadharia lilitolewa na Antony Melcher mwaka 1976: uponyaji wa mzizi unategemea ni seli za aina gani zitakazoufikia kwanza. Thorkild Karring, Sture Nyman na Jan Lindhe wakalitia majaribuni mwaka 1980 kwa mbwa. Walichukua mizizi iliyopoteza utando kwa ugonjwa wa fizi na kuizika kwenye mfupa: ikagandana na mfupa. Wakaizika mingine pale ambapo upande mmoja unagusa nyama ya fizi: upande huo ukaliwa. Si seli za mfupa wala seli za fizi zilizoweza kutengeneza utando mpya. Zinazoweza ni seli za utando wenyewe. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu nitalihitaji kuelezea kilichoiangusha jeli.

Kutoka kwenye ujuzi huo yakaja maziwa. Lars Blomlöf na wenzake wa Stockholm walitafuta kitu kinachopatikana kila mahali ambacho seli zinaweza kuishi ndani yake. Maziwa ya dukani yana kiwango cha chumvi na uchachu kinachokaribiana na cha mwili, na yaliyochemshwa kiwandani hayana bakteria wengi. Walianza na seli kwenye maabara, kisha wakaenda kwa nyani, na mwaka 1983 wakaonyesha kwamba jino lililohifadhiwa kwenye maziwa kwa saa kadhaa lilipona karibu sawa na lililorudishwa mara moja, ilhali mate hayakufua dafu kwa muda mrefu namna hiyo.

Na kwa kuwa nimelitaja dafu: watu wa pwani huuliza, na wana haki ya kuuliza, kama maji yake yanaweza kushika nafasi ya maziwa. Watafiti wa India walipima seli kwenye maabara mwaka 2008 na kuyasifu maji ya dafu kuliko maziwa. Mwaka uliofuata Wabrazili wakapima na kupata kinyume, wakaelekeza kidole kwenye uchachu wake. Walipoupunguza, matokeo yakawa bora. Hizo ni seli kwenye vyombo vya kioo, si jino kwenye taya. Palipo na maziwa, tumia maziwa.

Wazo la jeli lilitoka wapi

Maziwa yanasaidia seli zisife. Jeli iliahidi jambo kubwa zaidi: kuponya mzizi ambao seli zake zimeshakufa. Ndilo tumaini la kila mtafiti wa eneo hili, kwa sababu meno mengi yanafika kliniki yakiwa yamechelewa.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, nalo lilizaliwa Sweden. Mzizi unapoota kwa mara ya kwanza, kabla simenti haijawekwa juu yake, ganda la seli linalouzunguka hutoa protini za jamaa ya zile zinazojenga enameli, tabaka jeupe gumu la kichwa cha jino. Lars Hammarström wa Taasisi ya Karolinska na wenzake walifikiri kuwa protini hizo ndizo zinazoziamuru seli za jirani zitengeneze simenti. Kama ni hivyo, ukizipaka kwenye mzizi wa mtu mzima uliopoteza utando, huenda mwili ukarudia hatua zile za utotoni. Mwaka 1997 walichapisha matokeo kutoka kwa nyani: mfupa na simenti upande wa nje wa jino viliondolewa kwa makusudi, mzizi ukapakwa protini hizo, na simenti mpya ikaota na kushika sawasawa, kwa kiwango ambacho mizizi ya kulinganishia haikukifikia.

Protini zilichukuliwa kwenye meno ya nguruwe wachanga, meno ambayo bado hayajatokeza kwenye fizi, zikasafishwa na kuchanganywa na jeli inayopakika kwa sindano. Kampuni ya Biora ya Malmö ikaziuza kwa jina la Emdogain. Baadaye kampuni hiyo ilinunuliwa na Straumann ya Uswisi. Msomaji Mwislamu atakuwa amekwisha sita kwenye neno nguruwe, na kusita kwake ni kwa haki. Mgonjwa anapaswa kuambiwa kitu kinachopakwa kwenye fizi yake kimetoka wapi kabla hakijapakwa, si baada ya mshono kukauka. Fatwa nawaachia wenye elimu ya dini; ila kumweleza mgonjwa ni wajibu wa daktari popote pale.

Kwenye ugonjwa wa fizi jeli ilijijengea jina, na inatumika mpaka sasa. Kisa chetu kinaanza pale ilipovushwa kutoka huko kwenda kwenye jino lililokauka.

Mbwa, kisha watu

Jaribio la beagle la mwaka 2001, la Iqbal na Bamaas, nimekwisha lieleza. Hapakuwa na sababu ya kulipuuza. Lilikuwa na meno ya kulinganishia, lilipima mzizi kwa hadubini badala ya kutegemea picha za eksirei, na tofauti ilionekana. Wakati huohuo Filippi, Pohl na von Arx walikuwa wakiijaribu jeli kwa wagonjwa ambao meno yao yalikuwa yameanza kugandana na taya. Walikuwa wanayang'oa kwa uangalifu, wanayatibu nje ya kinywa, wanayapaka Emdogain na kuyarudisha. Taarifa yao ya mwanzo, baada ya miezi 10, ilitia moyo.

Ukiwa daktari mwaka 2002, una jaribio la wanyama linalosema ndiyo, una taarifa ya kliniki inayosema ndiyo, una nadharia inayoeleza kwa nini, na bidhaa iko kwenye friji. Mbele yako ameketi mtoto ambaye jino lake limekaa nje saa mbili. Ningekuwa mimi, ningeipaka. Sidhani kama kuna wa kulaumiwa hapo.

Ishara ya kwanza ya hatari ilitoka kwa mbwa wengine. Mwaka 2003 Mauricio Araújo wa Brazil, akiwa na wenzake na Jan Lindhe yuleyule wa majaribio ya 1980, waliripoti juu ya mizizi ambayo sehemu ya utando wake ilikuwa imepotea kabla ya kurudishwa kwenye taya za mbwa. Mizizi ikaliwa na ikagandana na mfupa pale ambapo utando haukuwepo, jeli ikiwepo au isiwepo. Hitimisho lao lilikuwa kwamba Emdogain haikubadilisha namna mizizi hiyo ilivyopona.

Mwaka 2005 Schjøtt na Andreasen wakatoa matokeo ya wagonjwa. Waliitumia jeli kwa namna mbili: kwa meno yaliyong'oka kwa ajali na kurudishwa, na kwa meno yaliyokwisha gandana, yakang'olewa na kupandwa tena. Walifuatilia kwa eksirei na kwa kugonga jino na kusikiliza mlio. Kugandana kulirudi. Andreasen huyo ndiye aliyekuwa ametumia karibu miaka 40 akieleza kwa nini utando hai ndio kila kitu, na nadhani hakushangaa sana.

Mahali majibu yalipopishana

Ni rahisi kusema kuwa mbwa si binadamu na kufunga mjadala. Jibu hilo ni la uvivu, na halikubaliani na ushahidi. Mbwa na nyani walituambia ukweli juu ya kukauka kwa jino, juu ya maziwa, juu ya seli zinazofika kwanza. Tena mbwa wa 2003 walitabiri sawasawa kilichotokea kwa watu mwaka 2005. Kwa hiyo swali langu ni hili: mbwa wa 2001 walitofautiana wapi na mbwa wa 2003?

Mimi naona tofauti iko kwenye kile kilichobaki juu ya mzizi. Jino linalong'olewa na mtafiti mbwa akiwa amelala kwa dawa ya usingizi hutoka safi, halijaburuzwa mchangani, halijasuguliwa na mama kwa sabuni. Likikaushwa kwa muda mfupi, baadhi ya seli zake bado ziko hai, hasa kwenye mikunjo ya chini. Jeli inaweza kuzisaidia seli hizo kuongezeka na kusambaa. Kuna majaribio mengi ya maabara yanayoonyesha kuwa seli za utando huzaana na kusogea vizuri zaidi zikiwekewa protini hizo. Lakini pale ambapo mzizi hauna seli hata moja, jeli haina wa kumwamuru. Inawaita mafundi kwenye kiwanja ambacho mafundi wamekwisha kufa, na walio karibu zaidi ni seli za mfupa. Karring na Nyman walilionyesha hilo mwaka 1980, bila jeli.

Hapa ndipo nyani wa 1997 walipowachanganya watu. Katika jaribio lile jino halikutolewa kwenye taya. Liliondolewa mfupa na simenti upande mmoja tu, na pembeni mwa jeraha utando hai ulikuwepo pande zote, tayari kutuma seli zake. Jeraha la ugonjwa wa fizi nalo liko hivyohivyo. Jino lililokauka mtaani halina pembeni iliyo hai. Kwa macho ni mzizi uleule na jeli ileile; kwa seli ni majeraha mawili yasiyofanana.

Jambo la pili ni muda. Jaribio la mbwa kwa kawaida hukoma baada ya wiki au miezi michache, kwa sababu mnyama anauawa ili taya lake likatwe. Katika wiki hizo unaweza kuona mzizi umeliwa kidogo na kusema dawa imefaulu, ilhali dawa imechelewesha tu. Miezi 10 kwa mgonjwa nayo ni michache: kugandana kwa eneo dogo hakuonekani kwenye eksirei mapema, hasa kukiwa mbele au nyuma ya mzizi ambako picha haioni. Dawa nyingine zilizojaribiwa kwa mbwa katika miaka hiyohiyo na kundi la Martin Trope, kama deksamethasoni (dawa ya kutuliza uvimbe) ya kupaka mwaka 1998 na alendroneti (dawa ya kuzuia mfupa usiliwe) mwaka 2001, nazo zilipunguza kuliwa kwa mizizi. Ni kazi nzuri, lakini nazo zilipima mwanzo wa safari.

Tena mbwa wengi wa majaribio ni wakubwa, wamekwisha kukua. Hawawezi kutuonyesha jino linalobaki nyuma wakati taya linakua, ambalo ndilo tatizo lenyewe la mtoto. Asilimia ya mzizi uliopona chini ya hadubini ni kipimo halali, ila mzazi hahesabu hivyo. Anataka kujua kama mwanawe atamaliza sekondari na jino lake.

Kuna hesabu ya wanyama pia. Kila mbwa katika majaribio haya aliuawa. Swali likiwa limeundwa vizuri, kifo hicho kimetuletea kitu kama maziwa, kinachookoa meno duniani kote bila gharama. Likiwa limeundwa vibaya, tunalazimika kuwarudia mbwa wengine ili kusahihisha. Kamati za maadili ya utafiti huuliza idadi ya wanyama na maumivu yao. Kwa maoni yangu zingeuliza kwa ukali uleule kama jeraha litakalofanywa linafanana na jeraha la mgonjwa.

Kliniki imebaki na nini

Mwongozo wa 2020 wa chama cha kimataifa cha wataalamu wa majeraha ya meno umesimama juu ya utando. Jino la kudumu lililong'oka lishikwe kwenye kichwa, lisisuguliwe mzizi, likiwa na uchafu lisuuzwe kidogo tu kwa maziwa, maji ya chumvi ya hospitali au mate ya mwenyewe, na lirudishwe palepale lilipotokea ajali. Ikishindikana, liwekwe kwenye maziwa na mtoto apelekwe kwa daktari upesi. Baada ya dakika 30 pakavu seli nyingi huwa zimekufa. Kliniki hulifungia kwenye meno ya jirani kwa waya mwepesi unaoruhusu kucheza kidogo, kwa muda wa wiki mbili. Jino lililokomaa hutibiwa mzizi ndani ya muda huohuo. Jino la utoto halirudishwi, maana linaweza kuliumiza la kudumu lililo chini yake.

Lililokauka zaidi ya saa moja nalo hurudishwa. Wengi hushangaa kusikia hivyo baada ya maelezo yote haya. Daktari analirudisha akijua kuwa huenda likagandana, kwa sababu miaka michache ya kuwa na jino na mfupa wake ni bora kuliko pengo kwa mtoto anayekua, na mlango wa matibabu mengine unabaki wazi. Mzazi aambiwe hivyo siku hiyohiyo.

Katika upandikizaji wa kupanga, ambako daktari ndiye anayeamua saa na namna ya kulitoa jino, elimu hii imezaa matunda makubwa. Oslo walianza zamani kuhamisha meno ya watoto yaliyo kati ya chonge na magego, mzizi ukiwa bado haujamaliza kukua, kwenda kujaza mapengo. Walipowaita wagonjwa hao baada ya miaka 17 hadi 41, katika taarifa iliyotoka 2002, asilimia 90 ya meno hayo yalikuwa bado kinywani. Hapakuwa na jeli. Palikuwa na mkono mwepesi na utando usiochubuliwa.

Ndiyo maana utafiti wenye mvuto zaidi kwangu sasa umehamia kabla ya jino kutolewa. Mwaka 2001 Seung-Jong Lee na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yonsei, Korea Kusini, walieleza jinsi ya kuchapa nakala ya jino kutokana na picha za kompyuta, ili tundu jipya litayarishwe na kupimwa kwa nakala, na jino lenyewe litolewe mara moja na kuingizwa mara moja. Watafiti wa Japani, kwenye taarifa ya 2008, waliyasukuma meno ya panya kwa nguvu ndogo, kama ya waya wa kunyoosha meno, kabla ya kuyahamisha. Utando ulipanuka na kulegea, jino likatoka na seli nyingi zaidi juu ya mzizi wake, na uponyaji ukawa bora. Njia hiyo haina msaada kwa mtoto aliyeanguka na baiskeli, lakini kwa upandikizaji uliopangwa inaingia moja kwa moja.

Na kwa jino lililokauka, jaribio ambalo ningependa kuliona lina masharti yaliyo ghali: mnyama ambaye bado anakua, jino lililokaa pakavu saa moja kamili na zaidi, mzizi uliothibitishwa kuwa hauna seli hai, na ufuatiliaji wa mwaka au zaidi kabla ya hadubini. Sharti jingine ni seli zenyewe, zilizokuzwa kutoka kwenye utando wa jino jingine la mnyama huyohuyo na kuwekwa juu ya mzizi. Bila hizo, protini yoyote itakayopakwa itakutana na mzizi uleule mtupu wa mwaka 2003.